Ishirini na Nane

Hapa Busia, kwenye vigoda vyetu kando ya mpaka,
hakuna ubao wa bei, hakuna kengele ya kufungua soko.
Kila mtu na mwavuli wake, mkoba wake kiunoni,
na bei yake mdomoni kama tonge asilolimeza.
Siku ile yangu ilikuwa ishirini na nane:
shilingi moja ya Kenya, ishirini na nane za Uganda.
Niliamka nayo toka jana,
sikuwa na sababu ya kuigeuza.

Saa tatu akaja kijana wa shati la buluu, na elfu tano.
Nikamhesabia laki moja na arobaini,
nikalowesha kidole, nikahesabu tena.
Akashukuru, akaenda.
Saa nne kasorobo, yuleyule, elfu nane.
Saa nne na nusu, yuleyule, elfu kumi,
na safari hii sikumtazama usoni.
Nilitazama viatu.
Pumba za mahindi, nyeupe, zimeganda kwenye gidamu.

Jamani. Mtoto wa ghala.
Mtoto wa ghala hana haja na noti za Uganda,
ila tajiri wake anazitaka kwa gunia
na hataki kuonekana akizitaka.

Nikatupa jicho ng'ambo ya barabara:
shati la buluu kwa Makokha,
shati la buluu kwa Auma,
kisha kwa Ekirapa, ambaye hata mvua ikinyesha hamuulizi mtu.
Kila kigoda kilishika kipande
na kila mmoja alidhani kipande chake ni mteja.
Mimi nikaviunga: Kitale mvua imeozesha mavuno,
Iganga mahindi yamekauka vizuri,
na mahali fulani malori yanajazwa mafuta.

Sasa, jirani yangu ni Nasirumbi.
Nilipojifungua alinichotea maji wiki nzima.
Mwavuli wake unagusa wangu; jua likihama, tunahama.
Kumwambia kungechukua pumzi moja.
Lakini habari ya bei si kaa la moto
ambalo jirani hulichukua na jiko lako likabaki likiwaka.

Nikamwendea na elfu ishirini.
"Nipe za Uganda. Ishirini na nane,"
nikasema, kama anayeomba kiberiti.
Akafungua mkoba, akaanza kuhesabu.
Kwenye laki mbili mkono ukasimama.
Akakitazama kigoda changu, kitupu.
"Mteja wako yuko wapi?"
Nikatazama lori.
"Ishirini na saba," akasema. Akavuta zipu.

Sikutamka lolote, naapa.
Nilitaka kununua tu,
na kule kutaka kulikuwa na mdomo wake.

Nikazichukua kwa ishirini na saba.
Auma akaona tunavyopeana, na namna Nasirumbi alivyokaa
baadaye, mkoba mapajani, miguu juu yake.
Auma naye akapandisha. Akampigia shemeji yake Malaba,
akaongea naye habari za matanga.
Saa saba, ishirini na sita na nusu.
Saa tisa, ishirini na sita, barabara nzima,
na hakuna aliyetangaza.

Isipokuwa Wandera.
Wandera hukaa nyuma ya choo cha kulipia,
ambako watu hufika kwa haja nyingine.
Aliendelea kutoa ishirini na nane hadi saa kumi.
Foleni ikamfikia ukutani. Akawa anacheka,
anasema leo Mungu amekumbuka anapoishi.
Sote tulipita pale.
Nami nilipita. Sitasema nilibeba ngapi.

Kesho yake Nasirumbi alinisalimu kama kawaida,
akasogeza mwavuli wake unifunike bega.
Saa tatu binti yake akaja kwangu na elfu mbili.
"Mama anasema umpe za Uganda. Bei ya jana."
Nikainama, nikamtazama miguu.
Alikuwa peku.
Na imeoshwa, imesuguliwa hadi kwenye kucha.